Karakana ya kubangua korosho: fedha iende kwenye mashine, kwenye jengo au kwenye vifaa kinga?

Msimu wa korosho unapokaribia, vikundi vingi vya Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea hukaa kikao cha aina moja: tuna fedha kiasi hiki, tununue nini? Mazungumzo huwa juu ya bei ya mashine, kilo kwa siku, na korosho ngapi zitatoka nzima bila kuvunjika. Usalama husubiri mwisho, na ukitajwa huwa ni glavu, barakoa na vifuniko vya masikio, vitakavyonunuliwa kama kuna chochote kitabaki.

Mpangilio huo una gharama kubwa kwa miili ya watu. Kelele, joto, mvuke, moto, mkanda unaozunguka: karibu vyote huamuliwa siku mnayochagua mashine na siku mnayopaua jengo. Mkishakosea hapo, vifaa kinga vinabebeshwa mzigo ambao havikutengenezwa kuubeba. Kwa hiyo nitalinganisha njia mbili mbili, na kila mara nitauliza jambo moja: hatua hii bado itamlinda mtu saa 9 alasiri, akiwa amechoka, anatiririka jasho, na analipwa kwa kilo?

Hilo la kulipwa kwa kilo lizingatiwe sana. Mama anayebangua kwa malipo ya kilo akipewa glavu nene inayompunguzia kasi, ataivua, na anaivua akiwa na akili timamu, kwa sababu anahesabu ada ya mtoto. Hatua yoyote ya usalama inayokula kilo zake itashindwa hata msimamizi akisimama mlangoni kutwa. Inayodumu ni ile isiyomgharimu chochote, au ile ambayo mwenye karakana amekubali kuilipia.

Kutambua vihatarishi: mkaguzi mwenye vipimo au mzunguko wa wenyewe?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inataka maeneo ya kazi yasajiliwe, na anayekagua ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mkaguzi anaweza kupima kelele, joto na mwanga kwa vifaa, na anajua boila nzima inavyopaswa kuwa. Namba zake zina nguvu ya kisheria. Ila haji kila siku. Akija siku ambayo kompresa, ile mashine ya kubana hewa, imezimwa, au akija Julai wakati upepo wa kusi unapoza kila kitu, ataandika alichokikuta siku hiyo.

Mzunguko wa wenyewe hauna namba, lakini unafanyika kila wiki bila senti tano. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako, uzungumze naye kama kawaida. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, chukulieni kwamba kelele imefika desibeli 85 au imepita, yaani imefika pale inapoanza kula masikio. Programu za simu za kupima kelele zinafaa kulinganisha kona hii na kona ile. Msizitumie kutoa hukumu.

Kisha tazama nguo. Mama anapoinama kuokota korosho zilizomwagika, ncha ya kanga yake inafika wapi? Mtandio ukimteleza begani unaangukia upande gani? Kama jibu ni karibu na mkanda au puli, umeshaipata hatari moja kubwa kabla hujafungua kitabu chochote.

Na waulize wenyewe, lakini uliza vizuri. Ukisema, "Jamani, hapa kuna hatari gani?" utaambiwa hakuna. Ukisema, "Mama, umewahi kuungua wapi?" atakunja mkono wa blauzi akuonyeshe.

Kati ya viwili hivi, anzeni na mzunguko wenu, kisha mwiteni mkaguzi mkiwa tayari na orodha. Mkaguzi anayeonyeshwa pa kuangalia hufanya kazi bora zaidi. Kwenye boila na vyombo vyote vyenye mgandamizo, hata hivyo, macho yenu hayatoshi, na hapo mkaguzi hana mbadala.

Kupika korosho: moto wa wazi au mvuke?

Huu ndio uamuzi mzito kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nao.

Korosho ghafi inahitaji kupikwa ili ganda likatike vizuri. Ganda lina mafuta makali yanayochubua ngozi, na namna unavyolipasha moto ndiyo inayoamua mafuta hayo yataishia wapi.

Kwenye karai au ngoma inayozungushwa juu ya moto, mafuta yanatoka gandani, yanadondoka motoni na kuwaka. Moshi wake ni mweusi, unakata koo na kutoa machozi. Anayezungusha ngoma anapigwa na joto la moto upande mmoja wa mwili kwa muda wote wa kazi. Wakati wa kumwaga, korosho zinatoka zikifuka na kurusha matone ya mafuta ya moto, na zikinyunyiziwa maji ili zipoe, mvuke unapanda usoni kwa mwenye ndoo. Ndani ya dakika hiyo moja mtu yuko mbele ya moto, mafuta, mvuke na moshi, akiwa na viatu vya wazi.

Uzuri wake upo. Ngoma ni rahisi, fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza, na hatari zake zinaonekana kwa macho. Pia inaweza kukaa nje kabisa, chini ya anga, mbali na wengine.

Mvuke unabadilisha mambo mengi kwa mpigo. Mafuta mengi yanabaki ndani ya ganda, moshi mkali wa mafuta hauko, na korosho haigusani na mwali. Kati ya watu kumi waliokuwa wakivuta moshi, wanabaki mmoja au wawili wanaoshughulika na chombo cha moto. Kwa macho ya usalama, kuondoa chanzo namna hii kunazidi barakoa zote mtakazonunua.

Ila mvuke unakuja na hatari yake, na isiyoonekana. Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Yakibanwa kwenye chombo dhaifu, nguvu hiyo inatafuta pa kutokea. Tena mvuke ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na katika kurudi huko unatoa joto zaidi ya mara 8 ya lile ambalo maji yanayochemka hutoa yakipoa hadi joto la mwili. Ndiyo maana jeraha la mvuke huingia ndani haraka. Na ule weupe unaouona ukitoka kwenye tundu ni matone yaliyokwisha kupoa kidogo. Mvuke wenyewe, pale karibu na tundu, hauna rangi. Asitokee mtu akatafuta uvujaji kwa kupitisha mkono.

Boila ya kununua iwe na vali ya usalama inayofunguka yenyewe, geji ya mgandamizo, na kioo cha kuonyesha kina cha maji, vyote vikifanya kazi. Maji yakishuka chini ya kiwango moto ukiendelea, chuma kinapashwa kupita uwezo wake, na kuongeza maji baridi wakati huo ni kosa la kuua. Moto uondolewe kwanza. Vali isifungwe kwa waya wala kuwekewa uzito juu kwa sababu "inapoteza mvuke". Ikifunguka imefanya kazi yake.

Upande wangu uko wazi: mvuke, kwa kikundi chochote chenye uwezo wa kununua boila iliyotengenezwa kiwandani na kuikaguza. Kama uwezo huo haupo, kuna njia ya katikati, yaani chombo cha kupikia kwa mvuke usiobanwa, chenye mfuniko uliolegea na tundu pana la kutolea mvuke, kama sufuria kubwa tu. Kinachukua muda mrefu zaidi, lakini hakilipuki. Na kama hata hicho hakipo, afadhali ngoma ya moto nje kwenye uwanja wazi kuliko boila ya kuchomelewa mtaani kwa pipa la mafuta. Ngoma itaumiza na kuchosha. Pipa lililozibwa na kupashwa moto linaweza kuua wote waliosimama karibu, na siwezi kumshauri mtu yeyote alijaribu.

Wanaobaki na ngoma waongeze mpini mrefu wa kuzungushia ili mtu asimame hatua mbili nyuma, buti zilizofunika mguu mzima, na mchanga mkavu kwenye ndoo pembeni. Moto wa mafuta ndani ya ngoma hauzimwi kwa kumwagiwa maji, maana maji yanaurusha.

Jambo la maji lina uzito wa pekee huku. Newala na sehemu nyingine za juu kwenye uwanda wa Makonde, maji ni shida ya miaka mingi, na ndoo inaweza kugombaniwa. Hata hivyo liwepo pipa moja la maji safi ambalo haliguswi kwa kuosha wala kupikia. Aliyeungua anahitaji kumiminiwa maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila yai, bila samli. Pipa hilo linaingia kwenye bajeti ya kupika, upande wowote mtakaochagua.

Kukata ganda: mashine ya mguu au ya umeme?

Mashine ya kukanyaga kwa mguu ina visu viwili vinavyokutana juu ya korosho. Mbanguaji anaiweka kwa vidole, anakanyaga, ganda linafunguka. Haina kelele ya maana, haina mkanda, na ikikosea inakosea kwa nguvu ya mguu wa mtu mmoja. Vidonda vyake ni vya kila siku: kucha, ncha ya kidole, tone la mafuta ya ganda kwenye jicho. Kwa mwaka mzima inachosha bega na nyonga, maana mguu ni uleule na mkono ni uleule. Kiti chenye egemeo kinasaidia kuliko watu wanavyodhani, na kubadilishana kazi, anayekata leo kesho achokonoe kiini gandani, kunasaidia zaidi.

Mashine ya umeme inawaondoa watu wengi mbele ya kisu. Mmoja anamimina, mwingine anapokea. Kinachobaki ni kelele, mota, minyororo na mikanda. Hatari ndogo ndogo za kila siku zinageuka kuwa chache lakini kubwa, na kubwa zaidi ni ile ya kukwama. Korosho ikikwama kwenye njia ya kisu, mtu anaingiza kidole au kijiti huku mashine inazunguka, kwa sababu kuzima na kuwasha kunapoteza dakika. Mtu aliyejiondolea sheria ya kuzima kwanza atafanikiwa mara nyingi, na kila mara inampa ujasiri wa kurudia.

Hapa kinga ya chuma na maneno ya msimamizi haviko sawa hata kidogo. Bango la "Usiingize mkono" linamtegemea msomaji. Kifuniko cha wavu kilichofungwa kwa bolti kinamtegemea mtu mwenye spana. Kifuniko chenye swichi inayokata umeme kinapofunguliwa hakimtegemei yeyote, na kwenye sehemu inayokwama mara kwa mara hicho ndicho cha kulipia. Kwa mkanda na puli, zisizohitaji kuguswa kila siku, wavu wa bolti unatosha, mradi usogezwe mbali kadiri matundu yake yanavyokuwa makubwa, kidole kisifike.

Glavu zina mpaka wao. Anayeshika maganda anazihitaji, au mafuta ya kujipaka na majivu pale glavu zinapokosekana, kwa ajili ya ule utomvu mkali. Anayesimama karibu na mkanda unaozunguka asizivae, maana zinanaswa na kuvuta mkono mzima. Kanga ifungwe ndani ya aproni, mtandio uchomekwe, na hilo liwe sharti la zamu kama kunawa mikono.

Kikundi cha watu wachache chenye umeme unaokatika kibaki na mashine za mguu. Kitaokoa fedha ya kununulia visu vizuri na viti. Karakana inayosindika tani kwa tani iende kwenye umeme, lakini inunue ile yenye vifuniko tangu kiwandani. Kuongeza vifuniko baadaye ni ahadi ambayo nimeona ikiahirishwa msimu hadi msimu.

Kelele: uihamishe, uifunike, au uzibe masikio?

Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Mashine mbili zenye kelele sawa zikiwashwa pamoja huongeza desibeli 3 hizohizo. Kwa hiyo kuongeza mashine ya pili chumba kilekile kunawapunguzia wote nusu ya muda salama, bila mtu kuhisi tofauti kubwa masikioni. Na usikivu unaopotea kwa kelele ya miaka haurudi. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuurudisha.

Kuhamisha ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kompresa inayotumika kwenye mashine ya kumenya ganda la ndani haina sababu ya kukaa chumba kimoja na watu. Iwekwe nje nyuma ya ukuta wa tofali, kwenye kibanda chenye matundu ya hewa, na mpira mrefu upitishwe ukutani. Gharama ni mpira, tofali na siku moja ya fundi. Nje kwenye uwazi, kila umbali ukiongezwa mara mbili kelele hupungua desibeli 6 hivi. Ndani chini ya bati haipungui kiasi hicho, kwa sababu sauti inagonga bati na kurudi.

Kufunika mashine kunafaa kwa isiyoweza kuhama. Vipande vya tairi chakavu chini ya miguu ya mota vinazuia mtetemo usiingie kwenye sakafu na meza. Ila mota iliyofunikwa inahitaji njia ya kupumua, la sivyo mnabadilisha kelele kwa moto.

Tukija kwenye masikio yenyewe, watu hudhani uamuzi ni wa bei. Angalieni mikono na kichwa kwanza. Vizibo vya sponji vinafinyangwa kwa vidole kabla ya kuingizwa. Mama anayekata maganda ana vidole vyeusi vya mafuta, na mafuta hayo yataingia kwenye sikio. Kwa hiyo sponji zinafaa chumba cha kumenya na kupanga madaraja, ambako mikono ni misafi. Chumba cha kukata kinahitaji vifuniko vya masikio, au vizibo vya mpira vyenye kishikio na kamba, ambavyo vinaoshwa na havifinyangwi.

Vifuniko navyo vina shida yao: lazima vikae moja kwa moja juu ya ngozi. Vikikaa juu ya ushungi au kilemba kinene, hewa inapita na sauti inapita. Wengi wa wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanajifunika kichwa, na kumwambia mtu avue si suluhisho. Kwao vizibo vya mpira chini ya ushungi vinalinda vizuri kuliko kifuniko cha bei kubwa juu yake. Pamba ya kawaida sikioni haizuii kitu cha maana.

Kuna hesabu moja ningependa kila msimamizi aijue. Kifuniko kinachopunguza desibeli 30 kikivuliwa kwa nusu saa tu ndani ya zamu ya saa 8, ulinzi wa wastani wa siku nzima unashuka hadi desibeli 12 hivi. Nusu saa ya kupangusa jasho na kuzungumza na jirani inakula zaidi ya nusu ya mlichonunua. Kompresa iliyoko nyuma ya ukuta haivuliwi.

Kwa hiyo: hamisheni, kisha funikeni, na masikio yazibwe kwa kelele iliyobaki.

Joto: feni, ukuta wa bati au ratiba?

Korosho inavunwa na kupikwa hasa kuanzia Oktoba, yaani joto na unyevu vinapopanda pwani. Unyevu ndio unaoumiza. Jasho linapoza mwili pale linapokauka. Hewa ikishiba maji, jasho linatiririka tu na kumwacha mtu amelowa na bado anawaka. Newala, kule juu, wana nafuu ambayo Mikindani na Lindi mjini hawana.

Feni inasaidia chumba cha kukata na kumenya, kwa sababu inasukuma hewa yenye unyevu kutoka mwilini. Mbele ya ngoma au boila haisaidii sana: joto linalorushwa na moto linapita kwenye hewa bila kujali upepo. Pale kinachofanya kazi ni kizuizi, bati jipya linalong'aa, lililosimamishwa kati ya moto na mtu, likiacha nafasi ya hewa kupita nyuma yake. Likishashika masizi halirudishi joto tena, lipanguswe. Mnashindwa kununua feni tatu? Bati moja mahali pake linazidi.

Paa nalo linahitaji kuchaguliwa kwa makini. Makuti ni baridi na yanameza kelele, bati ni tanuri saa 7 mchana na ni ngoma wakati wa mvua. Lakini makuti karibu na moto na mafuta ya korosho ni kiberiti, na wadudu na vumbi lake havitakiwi juu ya korosho ya kuliwa. Mgawanyo wangu ni huu: kibanda cha kupumzikia kiwe cha makuti, mbali na moto, jengo la kazi liwe la bati, lililoinuliwa juu, lenye uwazi kileleni wa kutolea hewa ya moto, na dari kama fedha inaruhusu.

Ratiba ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote, na watu wanaiacha. Korosho zilizopikwa huachwa zipoe, mara nyingi hadi kesho yake, kabla ya kukatwa. Basi hakuna sababu ya kupika saa 8 mchana. Pikeni kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, au jioni jua likishatua, na saa za joto kali zibaki za kazi ya kukaa kivulini.

Maji ya kunywa, kikombe kila dakika 15 hadi 20 kwenye kazi ya joto, ni ya lazima. Ila Ramadhani ikiingia, sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mikoa hii imefunga, na karakana iliyotegemea maji peke yake inabaki haina kinga. Yenye ratiba ya alfajiri na usiku na bati la kuzuia moto inaendelea kulindwa.

Mgeni kazini aangaliwe kipekee. Ushauri wa NIOSH ni kwamba mtu mpya kwenye joto afanye asilimia 20 ya muda wa joto siku ya kwanza, kisha aongezewe 20 kila siku. Kwa mtu wa kulipwa kwa kilo hilo haliwezekani isipokuwa wiki ya kwanza alipwe kwa siku. Lipeni kwa siku. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuanguka kwenye joto, hilo ni jambo la hospitali papo hapo, na njiani amwagiwe maji na kupepewa.

Mwanga, sakafu na umeme kwa kifupi

Bati la kupitisha mwanga huleta mwanga mzuri wa bure pamoja na joto. Yawekeni machache, juu ya meza za kupanga madaraja, yasiwe juu ya eneo la kupikia. Taa za mirija za zamani kwenye umeme wetu wa mizunguko 50 hupepesa kwa kasi isiyoonekana, na zinaweza kuifanya puli inayozunguka ionekane imesimama. Karibu na mashine tumieni taa za aina nyingine.

Sakafu ya saruji iliyopigwa mswaki inashinda iliyosuguliwa laini, kwa sababu mafuta ya ganda yakimwagika kwenye laini hakuna anayebaki wima. Kwenye umeme, waya wa kwenda ardhini na kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme unapovuja, vinafanya kazi hata kwa mikono iliyolowa. Kumwonya mtu akaushe mikono hakutoshi.

Kabla hamjalipa

SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara na Lindi, na TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho, kiko jirani na mji wa Mtwara. Nendeni mkaulize kabla ya kufuata tangazo la simu. Popote mtakaponunua, nendeni watu watatu, mmoja wao awe mbanguaji mwenyewe, na mchukue korosho zenu zilizokwisha kupikwa.

Mwambieni muuzaji aiwashe mashine, muimiminie. Simameni umbali wa mkono mmoja mzungumze. Yule mbanguaji ainame kama anaokota kitu, mtazame ncha ya kanga yake. Kisha mwachieni muuzaji aoneshe jinsi ya kuondoa korosho iliyokwama. Akizima kwanza bila kuambiwa, akafungua kifuniko na mashine ikakataa kuwaka hadi kirudishwe, jadilini bei. Akiingiza kidole huku inazunguka, na yeye ndiye anayeifahamu kuliko wote, ondokeni na korosho zenu.